Mshauri anadai pesa za vikao ambavyo hakuvifanya

Pole sana, dada. Kudaiwa pesa za vikao vinne ambavyo mshauri nasaha hakutokea hata kimoja kunauma, hasa kama ulishamfungulia moyo kabla ya hapo. Usilipe kwa woga. Mimi yalinikuta. Nilipanga jumbe za M-Pesa na WhatsApp tarehe kwa tarehe, na ile ya mshauri wangu ya "leo sitaweza" ikamaliza ubishi. Mwandikie huyo mshauri wako, usimpigie, mwombe orodha ya vikao. Ila soma kwanza fomu uliyotia sahihi: kama wewe ndiye uliyeahirisha dakika za mwisho, huenda ada ni halali. Akigoma, peleka malalamiko kwa bodi ya washauri na wanasaikolojia iliyoundwa kwa sheria ya Kenya ya 2014. Akitishia kutoa siri zako, muone wakili siku hiyohiyo.