Maswali na Majibu ya Muziki: Mkono wa Kushoto Kwenye Shingo ya Udi

Swali: Maalim, assalamu alaikum. Nimepiga gitaa kwa miaka kadhaa katika sherehe za hapa Wete, na tangu mwaka jana nimeingia kwenye udi. Mkono wa kulia na risha, kile kipande cha kupigia nyuzi, havinipi taabu, lakini wa kushoto unanitesa. Kidole gumba huuma kabla bashraf moja (kipande cha ala bila kuimba) haijamalizika, baadhi ya sauti hutoka na mkwaruzo, na wenzangu husema kuwa niko nje ya sauti, hasa tukipiga maqamu (mpangilio wa sauti) ya Rast. Nifanye mazoezi gani ili vidole vipate nguvu?
*Msomaji, Wete, Pemba*

Jibu: Waalaikumu ssalamu, ndugu yangu. Nguvu unayo tayari, na naona kuwa imezidi. Gumba linalouma ni dalili kwamba mkono wako wa kushoto unafanya kazi mbili, yaani kubonyeza nyuzi na kuushikilia udi usianguke, na kazi hii ya pili si yake. Tumbo la udi ni la mviringo na huteleza pajani, kwa hiyo anayetoka kwenye gitaa huudaka kwa shingo bila kujitambua. Udi unapaswa kutulia kati ya paja, kifua na mkono wa kulia unaoegemea tumbo lake. Ukiona unateleza, weka kitambaa kisichonyororo juu ya paja. Kisha uondoe mkono wa kushoto kabisa huku ukiendelea kupiga nyuzi wazi kwa risha. Shingo ikishuka, bado hujakaa sawasawa, na hakuna zoezi la vidole litakalokufaa mpaka urekebishe hilo.

Ukishatulia, acha gumba liguse tu nyuma ya shingo. Bonyeza kwa ncha ya kidole, na kucha ziwe fupi, kwa sababu nyuzi za udi zimefungwa mbilimbili isipokuwa ule mzito wa juu, na mkwaruzo unaousikia mara nyingi hutokea kidole kinapokamata uzi mmoja vizuri na kuuacha mwenzake nusu. Ili ujue nguvu inayohitajika, gusa nyuzi bila kuzibonyeza, endelea kupiga kwa risha, na ongeza uzito kidogo kidogo hadi sauti ikae safi. Hapo ndipo pa kuishia. Wengi hushangaa kuona ni uzito mdogo kiasi gani.

Hata hivyo, kabla hujaulaumu mkono, kitazame chombo chenyewe. Unyevu wa visiwani mwetu huvimbisha mbao, na shingo ikivutwa mbele na nyuzi, nyuzi hizo hupanda juu. Pale shingo inapokutana na tumbo, nafasi kati ya uzi na ubao isizidi sana milimita 3. Ikizidi mno, upeleke udi kwa fundi, kwa maana kushindana na chombo kibovu ndiko kunakowafundisha watu kubana.

Sasa nije kwenye Rast, ambako kuna jambo kubwa zaidi. Vile vichuma vya shingo ya gitaa humsamehe mpigaji: kidole kikikaa mbele au nyuma kidogo, sauti haibadiliki. Udi hauna vichuma, na kila milimita husikika. Chukua udi ambao nyuzi zake zina urefu wa sentimita 60. Kwenye uzi wa Re, Mi uliyoizoea kwenye gitaa hukaa kama sentimita 6 na nusu kutoka mwanzo wa shingo, upande wa vigingi, na Mi bemoli (Mi iliyoshushwa nusu sauti) kama sentimita 3 na nusu. Mi ya Rast haiko kwenye mojawapo ya hizo; iko katikati, karibu na sentimita 5, na kidole chako cha shahada, kwa mazoea ya gitaa, hukimbilia huku au kule.

Rula, lakini, haitakufunza kupiga. Iimbe ile Mi kwanza, mtu akikupigia Do isiyokatika, kisha weka kidole na usikilize kama kimekutana na koo lako. Kikikosea, kiinue na uanze upya badala ya kukiburura hadi mahali pake, kwa sababu kukiburura kunazoesha kidole kufika pabaya kwanza. Kwa sauti nyingine udi wenyewe una mashahidi. Ukibonyeza robo ya urefu wa uzi wa Re kutoka mwanzo wa shingo, hutoa Sol, ambayo lazima ilingane na uzi wa Sol ulio wazi. Theluthi yake, ambayo katika nyudi nyingi huangukia pale shingo inapoungana na tumbo, hutoa La, nayo hulingana na uzi wa La ulio wazi, ila iko oktava moja juu, yaani ni La ile ile kwa sauti nyembamba zaidi.

Sikiliza pia santuri alizorekodi mwimbaji wa taarab Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928. Vyombo ni vichache, hivyo udi haujifichi kama unavyoweza kujificha katika kikundi chenye fidla nyingi. Tuni udi wako kufuata santuri, maana rekodi za zamani hazilingani daima na sauti za leo.

Ganzi au maumivu yakibaki baada ya kupumzika, muone daktari.

Swali: Maalim, ninajifunza fidla. Je, ni vibaya kubandika alama kwenye ubao wa vidole?
*Mwanafunzi, Makunduchi, Unguja*

Jibu: Si vibaya kwa wiki za mwanzo, mwanangu, mradi iwe alama moja tu, ya kidole cha kwanza. Ukijaza ubao kwa alama, macho yatapiga fidla badala ya masikio, na kichwa kikiinama kuzitafuta, kiwiko na kifundo cha mkono wa kushoto hupinda vibaya. Kidole cha tatu hakihitaji alama: kwenye uzi wa Re hutoa Sol, nawe upige pamoja nayo uzi wa Sol ulio wazi. Zikigongana, sogeza kidole kwa upana wa karatasi, na usikilize tena.