Kadi 600, kila moja na jina lake: kabla hujaulizia mashine, ulizia orodha

Wiki hii dada mmoja wa Morogoro kanitumia meseji baada ya kuziona zile kadi za harusi tulizotoa juzijuzi, kadi 600 na kila kadi ina jina la mgeni wake, single (mtu mmoja) au double (wawili), namba ya meza na QR kodi yake peke yake. Anauliza, "Kaka, hiyo mashine inaitwaje na mi ninunue?" Nimeona nijibu hapa wazi maana najua mnaonisoma wengi ndoto yetu ni moja, kutoka kwenye kasteshenari ka kutoa kopi mpaka ofisi yako mwenyewe inayopokea kazi za maana.

Jibu ni kwamba mashine siyo swali la kwanza. Swali la kwanza ni orodha.

Kwenye ofseti, ile mashine kubwa ya kuchapa kopi nyingi zinazofanana, unachoma pleti, yaani bati lenye picha ya ukurasa, na pleti ikishachomwa imeshachomwa, karatasi ya kwanza na ya elfu kumi zinatoka vilevile. Mashine ya kidijitali haina pleti, kila karatasi inachorwa upya, kwa hiyo kwake kurasa 600 zinazofanana na kurasa 600 tofauti ni kazi ileile. Na siyo kitu kipya, kampuni za Indigo na Xeikon zilileta mashine zao za rangi za namna hii mwaka 1993. Wewe mwenyewe umeishika kazi hiyo mara nyingi tu, vocha ya kukwangua ni hiyo, kila moja na namba yake, bili ya maji ni hiyo, cheti cha mahafali chenye jina lako ni hiyo. Unatengeneza dizaini moja, unaacha nafasi za vitu vinavyobadilika, halafu programu inasoma jedwali la Excel, mstari mmoja kadi moja, kolamu moja nafasi moja. InDesign wanaita Data Merge, CorelDRAW wanaita Print Merge, hata Word ya kawaida inayo Mail Merge. Basi. Kama una kompyuta na printa ya leza unaweza kuanza kujifunza leo usiku.

Mi nilijifunza nikiwa nimeajiriwa kwenye press moja Kariakoo, sitaitaja. Pale kadi zilikuwa zinatoka na mstari wa vidoti, halafu kamati ya harusi inatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri anakaa na peni anajaza majina mpaka usiku wa manane. Nikakaa nikatengeneza sampuli, nikaprinti kadi kadhaa zenye majina tofauti kwa fonti ileile ya kadi, nikampelekea bosi. Akanijibu mbele ya wateja kwamba mi ni mtu wa kudizaini, nikae kwenye kompyuta nisimfundishe biashara. Sikubisha. Baada ya muda nasikia anawauzia wateja huduma hiyohiyo, kwa faili zangu zilezile, na anasema ni ubunifu wake. Jamani bado inaniuma, sitawadanganya, na siku nilipoondoka pale hakuna hata mmoja aliyeniambia asante. Ila ujuzi niliondoka nao, huo hakuna wa kumnyang'anya mtu.

Sasa hizi kadi 600. Orodha ilitoka kwa mhazini wa kamati, ameikopi kutoka kwenye grupu la WhatsApp kama ilivyo: "Mama Neema Tabata 100 kalipa 50", "Shem Boko", "Fundi AC", "Mzee wa Mbezi na wife". Huwezi kumpelekea mtu mzima kadi imeandikwa Shem Boko! Ikabidi nikae na yule mama mhazini kwenye simu, jina kwa jina, huyu anaitwa nani kamili, ni Mchungaji au Mzee, ni Alhaji au Daktari, mchango umekamilika ili awe double au bado. Cheo nikakipa kolamu yake, jina kolamu yake, single na double kolamu yake, meza kolamu yake. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, kuprinti kulikuwa ni mchana mmoja tu. Nawaambia tena, orodha.

Halafu majina yetu yana mambo yake. Chukua Ng'wandu au Nyang'oro, ile alama ya ng' faili likihifadhiwa vibaya inatoka takataka, unakuta Ngâ€™wandu, na mzee wa watu anaipokea kadi hivyo. Ukitoa Excel kwenda InDesign hifadhi kama Unicode Text, utakuwa salama. Namba za simu na namba za kadi zinazoanza na sifuri, ibadilishe kolamu iwe Text kabla hujaandika chochote, la sivyo Excel inaila ile sifuri, 0754 inakuwa 754 na kadi ya 001 inakuwa 1. Na usijaribishe dizaini kwa jina lako, jaribisha kwa jina refu kuliko yote kwenye orodha na fupi kuliko yote, "Mchungaji na Bibi Emmanuel Mwakasungula" halafu "Asha Ali", zote zikikaa vizuri umepona.

Kuna kitu wengi hawafundishwi, nacho ni mpangilio wa kukata. Karatasi moja kubwa inabeba kadi nne. Ukizipanga 1, 2, 3, 4 kwenye karatasi ya kwanza, ukishakata unabaki na mafungu manne yenye namba za kurukaruka, la kwanza 1, 5, 9, na itabidi mkae kupanga upya kadi 600 kwa mkono huku wenye harusi wanapiga simu. Karatasi ya kwanza weka kadi ya 1, 151, 301 na 451, ya pili 2, 152, 302 na 452, endelea hivyo karatasi 150. Ukikata, unabebanisha fungu juu ya fungu, orodha imejipanga yenyewe kuanzia 1 mpaka 600, na bahasha ulizoprinti kwa mpangilio huohuo zinaingia moja kwa moja.

QR kodi nayo isikutishe, Wajapani wa Denso Wave waliitengeneza 1994 kwa ajili ya vipuri vya magari. Printi nyeusi juu ya nyeupe, usiiweke dhahabu inayong'aa hata mteja akililia, mwanga wa ukumbini unaigomesha simu. Ndani yake weka herufi zilizochanganywa ovyo, zisizokisika, usiweke 1, 2, 3, maana mjanja anajitengenezea ya kwake. Mlangoni siku ile walikuja wawili na kadi moja iliyotolewa kopi, wa kwanza akapita, wa pili simu ya kusomea kodi ikasema imeshatumika. Mwenyekiti wa kamati akaja kunishika mkono, nikasema moyoni yule bosi angekuwepo hapa aone.

Vijana wenzangu tuache kukimbilia mashine za mkopo. Kaeni na wahazini, kaeni na makatibu wa shule, jifunzeni kuisafisha orodha, halafu kazi ya kusafisha iandikeni mstari wake kwenye invoisi, msiigawe bure ndani ya bei ya kadi, maana hapo ndipo usingizi wenu ulipoenda. Mashine unaweza kukodi kwa mwenzako, akakutolea kazi na kukutoza kwa kila karatasi.

Na faili la wageni siyo mali yako. Majina 600 na namba za simu ni taarifa za watu, Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, Kenya wana yao ya 2019. Usimpe mtu wa matangazo, usiiache kwenye kompyuta ya dukani ambayo kila mtu anakaa. Mi harusi ikipita nafuta, halafu namwandikia mhazini meseji kwamba nimefuta.