Lile beseni usilitupe, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako niliiona tangu juzi, sijakasirika, ila nilikua sijui nianzie wapi. Umeuliza "mama, yule mzee alikua nani kwako mpaka ukalia vile msibani, mbona sio ndugu yetu? Na lile beseni bovu ulilorudi nalo la nini?" Haya kaa vizuri, mi nikianza kuandika unanijua.

Yule ni Mwalimu. Wote tulimwita hivyo japo darasani hakuwahi kufundisha, mchana alikua na kazi zake, jioni ndo anakuja ukumbi wa kanisa na daftari lake kwapani. Kikundi chetu cha maigizo hakuna aliyelipwa, mavazi ni mashuka, mapanga ni mbao. Mi nilikua na miaka 17, mwoga, sauti haifiki hata viti vya mstari wa pili, na kwenye igizo la Pasaka akanipa nafasi ya kijakazi, yule wa Mathayo 26 anayemfuata Petro na kumwambia alikua pamoja na Yesu wa Galilaya. Sentensi moja tu! Nikanuna, nikajua kanionea huruma.

Sasa skia alichonifanyia. Akaniuliza, huyu binti kajuaje? Alimuona wapi Petro? Anauliza kwa umbea, kwa hasira, au na yeye anaogopa? Nikabaki namtolea macho. Akasema nenda nyumbani urudi na jibu, sauti itakuja yenyewe. Wiki nzima nilikua nawaza kijakazi tu, nikarudi nikamwambia nadhani alimwangalia Petro usoni akaona mtu anayejificha. Akasema basi na wewe mwangalie kwanza, hesabu moja mpaka tatu kimoyomoyo, ndo useme. Siku ya igizo nikahesabu, na ukumbi mzima ukanyamaza kabla sijafungua mdomo. Mwanangu, mimi watu walikua hawajawahi kuninyamazia!

Kitu asichokipenda ni ile sauti ya mimbarini watu wanayoivaa wakishaambiwa waigize mtu wa Biblia. Anasimamisha mazoezi, "Petro alikua mvuvi, hiyo sauti ya mahubiri umeikopa wapi?" Na Petro wetu ndo aligoma kufuga ndevu, akabandika za gundi. Mwalimu akatupa stori ya Oberammergau, kijiji huko Ujerumani ambako watu waliweka nadhiri mwaka 1633 kwa sababu ya tauni, wakaigiza mateso ya Yesu mara ya kwanza 1634 na mpaka leo wanaigiza kila baada ya miaka kumi, na wanaume wanaanza kufuga ndevu zaidi ya mwaka mmoja kabla. (Lile la 2020 waliliahirisha kwa ajili ya korona wakalifanya 2022, nilimpigia simu kumwambia, akauliza na ndevu walizifanyaje.) Basi Petro hakusikia, na katikati ya kumkana Bwana ndevu upande mmoja zikaachia, alafu kijana wa kuwika jogoo akawa amesinzia nyuma ya pazia. Kimya kirefu, mara tukasikia jogoo la ajabu lina kikohozi. Mwalimu mwenyewe huyo.

Haya, beseni. Kwenye Yohana 18 Petro anaota moto wa makaa na hapo hapo anamkana Yesu. Nenda Yohana 21, Yesu amefufuka, wanamkuta ufukweni na moto wa makaa tena, na baada ya kula ndo anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Nimesoma Biblia toka mdogo sikuwahi kuliona hilo. Mwalimu aliliona, akatuambia moto ni ule ule, beseni moja kwa sehemu zote mbili na hatumtangazii mtu, atakayeona kaona. Kwa iyo ni beseni la chuma, ndani taa ndogo, juu yake karatasi nyekundu za kukunjakunja. Huo ndo moto wetu.

Miaka ya mwisho nilikua naenda kumsalimia, majina yalishaanza kumpotea, langu pia, ila nikiingia tu anasema "kijakazi kaja". Mke wake ndo alinipa beseni siku ile ya msiba, akasema mzee alishaagiza.

Na kulia kwangu ni hivi, waliniomba niseme neno kwa niaba ya kikundi. Nikasimama, nikawaangalia watu kama alivyonifundisha, nikaanza kuhesabu, nikafika mbili.

Ukija wikiendi nisaidie kutafuta taa nyingine, ile ya ndani imeungua na mazoezi ya Pasaka tunaanza wiki ijayo. Ila zile karatasi nyekundu usiziguse, alizikunja mwenyewe.

Mama yako