Maktaba ya mtaa hapa Chicago: ingia tu, dada

Pole na ugeni, dada. Umeuliza kama maktaba inalipiwa, maana wanao wanahitaji msaada wa masomo nawe unataka kujifunza Kiingereza. Hailipiwi. Nenda na kitambulisho na barua yenye anwani yako, hata bili ya umeme, utengenezewe kadi.

Ukifika kaunta, taja lugha yako mapema, usione haya. Uliza ratiba ya mwalimu wa jioni anayesaidia wanafunzi kazi za nyumbani. Matawi mengi anakuwepo, ila siku zinatofautiana. Kwa Kiingereza, omba orodha ya madarasa ya bure ya watu wazima. Kompyuta zipo pia, na ukimaliza funga akaunti yako kabisa, anayekaa baada yako humjui.

Faini za kuchelewesha zilifutwa mwaka 2019. Kitabu kikipotea, hicho utalipa.

Jambo moja ushike: mkutubi atakuonyesha fomu za uraia na maswali ya mtihani, lakini si mwanasheria. Kesi ya kuomba hifadhi ya ukimbizi mpelekee wakili wa uhamiaji au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Wale “wajazaji fomu” wa mtaani waepuke, hata akiwa ni ndugu wa kanisani.