Ramani yangu inanasa asilimia 90 ya maeneo ya kale, mbona msimamizi anaikataa?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Niko kwenye utafiti wa shahada ya uzamili. Nina orodha ya maeneo 60 ya kale yanayojulikana katika bonde moja, pamoja na data ya mwinuko, mito na udongo. Nimetumia rigresheni ya lojistiki, yaani hesabu ya takwimu inayolinganisha sehemu zenye maeneo ya kale na zisizo nayo, kuchora ramani ya kubashiri mahali ambapo maeneo mengine yanaweza kuwa yamejificha. Maeneo 54 kati ya 60 yameangukia kwenye ukanda wa uwezekano mkubwa, ambao umechukua asilimia 72 ya bonde. Msimamizi ameitazama akasema haina kazi. Nimekosea wapi?

JIBU: Habari ni njema, ila msimamizi wako yuko sahihi. Ungepaka bonde zima rangi nyekundu ungenasa asilimia 100, na usingekuwa umebashiri chochote. Mwanaakiolojia Kenneth Kvamme alipendekeza mwaka 1988 kipimo rahisi cha kubaini hali hiyo: gawanya asilimia ya ardhi iliyo ndani ya ukanda kwa asilimia ya maeneo yaliyoangukia humo, kisha toa jibu kwenye 1. Kwako ni 72 gawanya kwa 90, yaani 0.8. Ukitoa kwenye 1 inabaki 0.2. Sifuri maana yake unabahatisha, kwa hiyo wewe umeipita bahati nasibu kidogo tu. Ukanda wa asilimia 20 ya ardhi wenye asilimia 80 ya maeneo ungekupa 0.75, na hapo hata msimamizi angekaa kitako akusikilize.

Hilo ni dogo, linarekebishika kwa kupandisha kizingiti, yaani kiwango cha uwezekano ambacho ardhi lazima ikifikie ili iingie kwenye ukanda. Kinachonisumbua ni hayo maeneo 60 yenyewe. Nani aliyaona, na alikuwa akipita wapi?

Modeli yangu ya kwanza iliniambia kwamba watu wa kale walipenda ardhi yenye mteremko wa chini ya nyuzi 5. Nilifurahi hadi nilipoweka ramani ya barabara juu yake. Barabara nazo hupenda ardhi hiyo hiyo, na watafiti waliotangulia walikuwa wakiegesha gari, wanatembea mita mia chache, wanaokota vigae, wanarudi. Nilikuwa nimebashiri tabia za wanaakiolojia. Mashamba yaliyolimwa huleta upotoshaji kama huo, kwa sababu jembe huibua vigae na zana za mawe, ilhali msitu huficha kila kitu. Huko Petén, kaskazini mwa Guatemala, upimaji wa leza kutoka angani uliotangazwa mwaka 2018 ulionyesha majengo ya Wamaya zaidi ya 60,000 chini ya miti. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya msitu huo ilionekana tupu kwenye ramani.

Kwa hiyo tafuta kumbukumbu za matembezi ya utafiti: njia zilizopitwa, hasa zile ambazo hapakuonekana kitu. Pointi zako za "hakuna", zile unazoiambia modeli kwamba hapana eneo la kale, zichukue ndani ya ardhi iliyotembelewa tu. Nina hakika sasa umezitawanya kwa nasibu bonde zima, jambo linaloihesabu ardhi ambayo hakuna aliyeikanyaga kana kwamba imethibitishwa kuwa tupu. Hata ukihamia kwenye Maxent, programu iliyotokana na utafiti wa mgawanyiko wa spishi na isiyohitaji pointi za "hakuna", pointi za mandharinyuma, yaani sampuli ya ardhi inayolinganishwa na maeneo yanayojulikana, zinapaswa kubeba upendeleo ule ule wa njia za watafiti.

Jambo la pili ni umbali kutoka mtoni. Mto upi? Mito huhama, na mafuriko hufukia kingo za zamani kwa mashapo ya mita kadhaa. Pwani ndiyo usiseme: miaka kama 20,000 iliyopita usawa wa bahari ulikuwa chini kwa mita 120 hivi, na baadaye, kabla maji hayajapanda, watu waliishi kwenye nchi kavu ambayo leo ni sakafu ya Bahari ya Kaskazini. Mashariki ya Kati, wengi hutumia picha za setilaiti za kijasusi za CORONA, zilizopigwa kati ya 1960 na 1972 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1995, kwa sababu zinaonyesha mikondo ya zamani na vilima vilivyotokana na makazi ya kale kabla mabwawa na kilimo cha umwagiliaji havijavifuta. Tafuta picha za zamani za bonde lako, kisha chora ramani ya pili inayojibu swali tofauti: ardhi ya umri unaoutafuta bado ipo, na iko kina gani? Pasipokuwepo jibu, usipake rangi ya "uwezekano mdogo". Weka rangi ya "haijulikani".

Tenganisha pia maeneo yako kwa umri na matumizi. Kambi ya wawindaji, kijiji cha wakulima na makaburi havifuati kanuni moja. Göbekli Tepe huko Uturuki iko juu ya mgongo wa mwamba wa chokaa usiopitiwa na mto, na modeli inayoabudu maji ingeiruka. Najua ukigawanya 60 utabaki na vikundi vidogo, basi punguza vigezo viwe vitatu au vinne.

Unapojaribu modeli, usiifiche maeneo machache ya majaribio kwa kuyachagua kwa nasibu, kwani yaliyo jirani hufanana na utajidanganya. Ficha kipande kizima cha bonde. Halafu nenda uwandani, utembee kwenye ukanda mwekundu wa uwezekano mkubwa na ule mweupe wa uwezekano mdogo pia. Wengi huuruka mweupe kwa kuokoa muda, kisha wanaandika kwamba hapakuwa na kitu.

Na utakapochapisha, tumia miraba mipana badala ya pikseli za mita 30. Wezi wa mabaki nao husoma ramani.