Binti yangu amejipa alama 9, mimi nimempa 18: tuamini ipi?

Swali: Assalam alaykum Daktari. Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Kisauni, Mombasa. Binti yangu mkubwa yuko mwaka wa tatu wa udaktari. Muhula huu mihadhara yao yote ya nadharia inafanyika mtandaoni, kwa hivyo amerudi nyumbani. Chuo kiliwatumia wanafunzi dodoso la WHO-5 la kupima hali njema. Nikalijaza na mimi kwa niaba yake, nikampa 18 kati ya 25. Babake akampa 21. Mwenyewe amejipa 9. Binti huyu anakula, anaswali, anacheka na wadogo zake, na hapa nyumbani hakosi kitu. Je, dodoso hili linaaminika? Na kati yetu watatu, nani aliye karibu na ukweli?

Jibu: Waalaykum salaam, mama. Huenda nyote watatu mmejibu kwa moyo safi, lakini alama ya kufanyia kazi ni ile 9 yake.

WHO-5 ilitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1998. Ina sentensi tano tu, na zote zauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: kama mtu amekuwa na furaha na uchangamfu, kama ametulia, kama amejisikia mwenye nguvu, kama ameamka akiwa amepumzika, na kama siku zake zimejaa mambo yanayomvutia. Kila moja hupewa 0 hadi 5. Jumla huzidishwa kwa 4 ili ipatikane alama kati ya 100, kwa hivyo bintiyo ana 36. Aliye chini ya 13 kabla ya kuzidisha anahitaji kuchunguzwa zaidi. Hiyo haina maana kwamba ni mgonjwa. Dodoso linamwambia mtaalamu amwite, waketi, aulize zaidi.

Na limeundwa lijazwe na mwenye nafsi yake. Zipitie tena zile sentensi ukiwa mama. Kucheka unakuona. Nguvu unaziona kidogo, akiosha vyombo au akipanda ngazi. Lakini kuamka na uchovu ule ule aliolala nao utakuonaje, ikiwa akitoka chumbani ashanawa uso na kukuamkia? Na sentensi ya tano, ile ya mambo yanayomvutia, hakuna awezaye kumjibia. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Thomas Achenbach na wenzake walikusanya tafiti 119 zilizolinganisha maelezo ya watoto na vijana kuhusu nafsi zao na yale ya watu wanaowajua. Uwiano ulikuwa wastani wa 0.22, ambapo 1 ndiyo kukubaliana kabisa. Makubaliano yalikuwa bora zaidi kwa tabia za nje kama ugomvi na utundu, na hafifu kwa hofu na huzuni. Hao walikuwa wadogo kuliko bintiyo. Mtu mzima anayejua kuificha huzuni yake ili wazazi wasipate wasiwasi, sioni kwa nini pengo lake liwe dogo zaidi.

Umeandika kwamba nyumbani hakosi kitu. Hapo ndipo wazazi wengi tunapopotea, kwa sababu anachokikosa huyu binti hakikuwa nyumbani tangu mwanzo. Mwanafunzi wa udaktari hujiona anakuwa daktari akiwa na wenziwe: mezani pa maiti wakifunua misuli, wodini nyuma ya mhadhiri, hosteli usiku wakiulizana maswali ya mtihani. Mtandaoni hubaki slaidi na sauti. Akikwama kwenye somo la dawa anadhani amekwama peke yake, kwa kuwa haoni nyuso za wenzake waliokwama naye. Kisha mihadhara iliyorekodiwa ina uovu wake: haiishi. Ukikosa darasa la saa nne unaambiwa utalitazama baadaye, na hilo baadaye hurundikana mpaka saa nane za usiku.

Mama, niruhusu nikuulize jambo kwa heshima. Saa za mchana, akiwa na vifaa vya masikioni na simu mkononi, ni mara ngapi huitwa? Nenda dukani, pokea wageni, mwangalie mdogo wako, stima imekatika hebu wahi tokeni. Angekuwa hosteli usingempigia simu kumtuma dukani. Simwoni mzazi kuwa mkatili kwa hilo. Simu mkononi inafanana na mchezo, na binti mkubwa nyumbani daima ana kazi. Lakini ndiyo njia mojawapo inayomsukuma asome usiku, katika chumba chenye joto letu la Pwani, kisha adhuhuri alale na aitwe mvivu. Mtu mzima anahitaji angalau saa saba za usingizi. Sentensi ya nne ya dodoso huanguka hapo hapo.

Hata hivyo usiutwishe mtandao mzigo wote. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la JAMA, miaka kadhaa kabla ya korona kuwapeleka wanafunzi mtandaoni kwa wingi, ulijumlisha tafiti za nchi zaidi ya 40. Ulikuta asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari wana unyogovu au dalili zake, na asilimia 11.1 wana mawazo ya kujiua. Fani yenyewe ni nzito. Ndiyo maana ile 9 siipuuzi.

Cha kufanya wiki hii: mwambie umeona alama yake na umeiamini. Usimwambie yako, wala ya babake. Muulize, "Kati ya zile sentensi tano, ipi ilikuwa ngumu kwako?" Kisha nyamaza umsikilize, hata akichukua muda. Akitaja usingizi, mpeni saa za mchana zisizoguswa, mlango umefungwa, na kazi za nyumba zigawiwe upya, wavulana wakiwemo. Akitaja kwamba hakuna kinachomvutia tena, au anajiona si kitu, aende kwa mshauri wa chuo au kliniki ya afya ya akili. Huko atapewa PHQ-9, dodoso la unyogovu lenye maswali tisa na jumla ya juu kabisa ya 27, na kuanzia 10 mtaalamu huanza kuzungumzia matibabu. Swali la tisa linahusu kutamani kufa au kujidhuru. Jibu lolote juu ya sifuri hapo hufuatiliwa siku hiyo hiyo, jumla iwe ndogo vipi.

Akikutamkia maneno hayo wewe, usimwache peke yake na usingoje Jumatatu. Mpelekeni Hospitali Kuu ya Pwani, au Port Reitz, ambako kuna kitengo cha afya ya akili. Najua jina la Port Reitz linawatisha watu mtaani. Wasemao wasikuzuie. Simu ya bure ya Msalaba Mwekundu ni 1199. Wazazi wengine huficha jaribio la kujiua wakiogopa polisi; Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya jinai, kilicholifanya kosa, kinapingana na katiba.

Kuhusu kumrudisha hosteli, usiamue leo. Dodoso huangalia wiki mbili, kwa hivyo baada ya wiki mbili za utaratibu mpya alijaze tena mwenyewe. Ile alama ya kati ya 100 ikipanda kwa 10 au zaidi, hayo ni mabadiliko ya maana. Isipopanda, keti naye na babake mjadili arudi karibu na wenzake, na yeye awe wa kwanza kusema.