Binti anauliza kuhusu maharage, mama anauliza kuhusu sayansi

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama, nipo Morogoro, binti yangu yuko fomu tuu na kakomaa anataka kuchukua sayansi. Kwetu hakuna daktari wala injinia, na hiyo fizikia yenyewe anapata wastani tu. Ila jikoni ananimaliza na maswali, juzi kaniuliza kwa nini maharage yakitiwa magadi yanaiva haraka, nikamwambia aache ujuaji achochee moto. Naogopa anafuata mkumbo wa wenzake. Hivi mtu anasukumwa na nini hasa kuingia kwenye sayansi?

JIBU: Marahaba mama. Hapo kwenye maharage ndo pa kuanzia.

Mwaka 1963 kulikuwa na kijana anaitwa Erasto Mpemba, fomu thrii pale Magamba, Tanga. Wanafunzi walikuwa wanatengeneza aiskrimu, unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa inaisha, Mpemba akaogopa kuikosa akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto, na baada ya kama saa moja na nusu ya kwake yameganda, ya mwenzake aliyeweka ya baridi bado uji uji. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa. Rafiki yake muuza aiskrimu Tanga mjini akamwambia mbona sisi tunaweka ya moto kila siku. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akaendelea kuuliza mpaka darasani ikawa kicheko, wakisema hiyo ni fizikia ya Mpemba.

Akiwa huko huko Mkwawa, akaja mgeni kutoka chuo kikuu Dar, Dk. Denis Osborne, kijana akasimama akauliza lile lile, wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka, alirudi Dar akataka lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Mpaka leo wanasayansi duniani wanabishana kuhusu jambo hilo na linaitwa kwa jina la Mpemba!

Kwa hiyo mama, kwa nilivyoona miaka yangu yote ya kufundisha, mtu anasukumwa na swali lake mwenyewe lisilomtoka kichwani, na mtu mzima mmoja asiyemcheka. Ukoo wenye madaktari unasaidia, sikatai, na maksi atazihitaji, lazima akazane na hesabu. Lakini anayefuata mkumbo haulizi habari za magadi akiwa peke yake jikoni. Mimi mwenyewe nimewahi kuwajibu watoto "andika kilichopo ubaoni", na inaniuma hadi leo.

Magadi yanalainisha ile gundi inayoshika nyama ya punje, ndo maana yanaiva upesi. Ila usimwambie kwanza. Jumamosi mpe sufuria mbili zinazolingana, maharage kikombe kimoja kimoja ya gunia moja, maji sawa, moto sawa, moja itiwe magadi kidogo tu (yakizidi yanaleta ladha ya sabuni), nyingine isitiwe. Aandike saa kwenye daftari, kila dakika kumi atoe punje aibonyeze kwa vidole. Akimaliza, abandike sufuria ya tatu yenye nyanya tangu mwanzo, na kabla hajafunika muulize yeye anadhani itakuwaje.